Kuni Nilizoziangusha

Nilikuwa nimekumbatia mzigo mdogo wa kuni. Vilikuwa vijiti vya msonobari uliokufa siku nyingi, hakuna kilichozidi unene wa kifundo cha mkono wangu, na nilikuwa nimeviokota hatua kama mia moja kutoka tulipopiga hema, kama tulivyoelekezwa tulipochukua kibali. Jua la mwisho wa Agosti lilikuwa limeanza kushuka upande wa pili wa ziwa. Nikasikia tawi likikatika nyuma yangu, nikageuka, na pale kwenye kijia nikamwona mwanamke mwenye suruali ya kijani na shati la sare, nembo ya idara ya misitu ikiwa begani.

Nikaziachia kuni zote.

Sikuamua kuziachia. Mikono ilifunguka yenyewe, vijiti vikanipiga miguuni, nami nikasimama pale nimeinamisha kichwa, mwanamke wa miaka 43 mwenye kibali halali kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye koti lake mwenyewe, nikingoja kuulizwa ni nani aliyeniruhusu.

Tangu jioni ile zimepita wiki saba na jambo hili halijaniacha. Nikiwa zamu ya usiku nikiwageuza wazee vitandani, linanirudia. Nikiwa jikoni nikichambua mchele, linanirudia. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na hakika kama nina la kusema zaidi ya kwamba niliogopa. Sasa nadhani ninalo.

## Ngata ya sweta

Msitu wenyewe ni ule wa taifa wa Superior, kaskazini mashariki mwa Minnesota, mwendo wa kama saa nne kwa gari kutoka Minneapolis. Wengi mnaonisoma mnaishi jimbo hili au mna ndugu huku, kwa hiyo sina haja ya kueleza baridi yake. Nitasema tu kwamba ukipita mji wa Ely na kuendelea mpaka barabara inapoishia, unaingia sehemu iitwayo Boundary Waters: ekari zaidi ya milioni 1 za miamba, misonobari na maziwa zaidi ya 1,000, zikiufuata mpaka wa Kanada kwa karibu kilomita 240. Humo hamna barabara, hamna nyumba wala umeme, na kwenye sehemu kubwa ya maziwa injini hairuhusiwi. Unapiga kasia mpaka ziwa linapokwisha, unaubeba mtumbwi mabegani kupitia njia ya nchi kavu ambayo wenyeji huiita poteji, unauteremsha katika ziwa la pili, unaendelea.

Poteji hupimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha kama mita 5, ambacho hakipishani sana na urefu wa mtumbwi mmoja. Ya kwanza kwetu ilikuwa ya rodi 80. Mwenzangu wa kazini, ambaye ndiye aliyenialika, alinionyesha namna ya kuulaza ule ubao wa katikati ya mtumbwi juu ya mabega. Baada ya hatua thelathini mabega yalikuwa yanawaka. Nikautua mtumbwi, nikavua sweta, nikaisokota ikawa ngata, nikaizungushia chini ya shingo, nikajitwisha tena. Na hapo mwili ukakumbuka wenyewe yale uliyofundishwa nikiwa na miaka 7, shingo imenyooka, macho mbele, magoti yakiupokea uzito. Nilipofika ng'ambo mwenzangu aliniuliza nimejifunzia wapi.

Nikamwambia, kwenye kuni.

## Hata huku

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama, aliyeko Lushoto, Tanzania. Kabla ya hapo nilikuwa nimemtumia picha chache na sauti ya ndege niliyoirekodi usiku wa pili, nikiwa nimekaa mlangoni mwa hema na kujifunika blanketi kwa ajili ya mbu.

Ndege huyo anaitwa luni. Ni ndege wa majini, mkubwa kuliko bata, mwenye kichwa cheusi, madoa meupe mgongoni yaliyopangika kama bao la drafti, na macho mekundu kama kaa la moto. Mifupa yake mingi ni mizito, si mitupu kama ya ndege wengine, ndiyo maana huzama kwa wepesi akifuata samaki. Miguu yake imekaa nyuma mno hata hawezi kutembea vizuri nchi kavu, na akitaka kuruka hana budi kukimbia juu ya maji masafa marefu kabla hajanyanyuka. Kifaranga wake akiwa bado mdogo humbeba mgongoni, kama mama anayekwenda kliniki, ila huyu hahitaji kanga. Usiku hulia kilio kirefu kinachopanda kisha kikashuka, na kutoka ziwa jingine kabisa mwenzake humwitikia.

"Huyo anamlilia nani?" mama aliniuliza mara tu tulipomaliza shikamoo na marahaba.

"Anamwita mwenzake, mama."

"Basi vizuri, nimesikia ameitikiwa. Na huko mlikuwa mnapika kwa nini?"

"Kwa kuni."

"Kuni mlizitoa wapi?"

"Tuliziokota humo humo msituni."

Akanyamaza kidogo.

"Na bwana misitu hakuwakamata?"

Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu jioni ile. Nikamweleza kwamba huku ni ruhusa, kwamba mtu akiwa na kibali anaokota kuni zilizoanguka, hakuna anayemkamata. Akaniuliza msitu ni wa nani. Nikamjibu, bila kufikiri, kwamba ni wa serikali.

"Hata huku ni wa serikali," akasema mama.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa karibu wiki saba.

## Fimbo

Nyumbani kwetu ni chini ya msitu wa Magamba. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya mwanzo ya 1990, kuokota kuni kuliruhusiwa siku mbili kwa wiki, zilizoanguka tu, na bila panga. Sheria hiyo tuliijua kama tulivyojua kuhesabu. Lakini siku mbili hazikutosha nyumba ya watu tisa, na kuni zilizoanguka karibu na kijiji zilikuwa zimekwisha zamani, kwa hiyo kila mwanamke wa pale alikuwa na panga fupi alilolifunga ndani ya kanga.

Siku moja mama aliliona tawi la mkulo lililokwisha kufa ila likawa bado halijaanguka. Lilikuwa limening'inia kwa kipande cha gome tu. Akalipiga panga mara mbili, likashuka. Tulikuwa tumekwisha kufunga mizigo, wa kwake mkubwa na wangu mdogo, tulipomwona bwana misitu amesimama njiani. Alikuwa kijana, hakufika miaka thelathini. Mama alimwita baba. "Naomba unisamehe, baba." Yeye akamwambia afungue mzigo. Mama akaufungua. Akamwambia atoe lile tawi. Mama akainama, akalitoa. Akamwambia atoe na kijiti kile, na kile, na kile kingine, akivielekeza kwa ncha ya fimbo, na kila alipoelekeza mama aliinama, mpaka mzigo wote ukawa umetawanyika majanini. Yeye hakuinama hata mara moja. Aliondoka na panga na kamba, na baadaye ikalipwa faini ambayo baba aliitafuta kwa kuuza mbuzi.

Siandiki haya kumshtaki. Alikuwa ametumwa, na alichotumwa kulinda kilistahili kulindwa: mito inayoshuka mpaka mashamba ya mpunga ya Mombo inatoka katika misitu ile ya milimani, na milima ya Usambara ndiyo kwao lile ua dogo la zambarau ambalo leo watu wa dunia nzima hulipanda madirishani. Mipaka yenyewe hakuichora yeye. Ilichorwa na Wajerumani, kisha na Waingereza, na serikali yetu ikairithi pamoja na lugha yake yote.

Lugha ndiyo inayonisumbua. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kitu kikiitwa mali ya umma unajua usikiguse. Kibao kikiandikwa "Hifadhi ya Misitu, Mali ya Serikali", mtoto wa miaka 7 hakisomi kama ahadi aliyopewa. Anakisoma kama ukuta. Nimefika umri huu nikiamini, bila kuwahi kulisema, kwamba umma ni watu wengine.

## Kwa kalamu moja

Huku nako si kwamba msitu ulianza na ukarimu.

Rais Theodore Roosevelt aliutangaza msitu wa taifa wa Superior mwezi Februari 1909, kwa kalamu yake, wiki chache kabla hajaondoka madarakani. Sehemu kubwa ya misonobari mirefu ya eneo lile ilikuwa imekwisha kukatwa au ilikuwa inaendelea kukatwa. Serikali hiyo hiyo iliyoutangaza iliuza mbao kutoka humo kwa miaka mingi, na huuza mpaka leo katika sehemu zilizo nje ya Boundary Waters. Jimbo lenyewe liliwalipa watu fedha kwa kila mbwa mwitu waliyemuua, mpaka miaka ya 1960. (Nasema mbwa mwitu kwa kukosa jina jingine, si yule wetu mwenye mabaka na masikio ya duara anayetunzwa Mkomazi, bali yule mkubwa wa kijivu.) Wanyama hao walikuwa wamemalizwa karibu kote katika majimbo mengine ya Marekani bara, na msitu huu ukawa miongoni mwa mahali pa mwisho walipobakia. Kisha mwaka 1973 ikapitishwa sheria ya kuwalinda viumbe walio hatarini kutoweka, na mnyama aliyekuwa na bei kichwani akawa mnyama ambaye kumuua ni kosa.

Usiku wa tatu tuliwasikia. Walikuwa mbali, ng'ambo ya maziwa mawili au matatu, na walipoanza luni wakanyamaza.

Nilijifunza kutokana na hayo kwamba serikali inaweza kubadili mawazo yake juu ya msitu, na kwamba mara nyingi hubadili kwa sababu watu wameisumbua. Boundary Waters ililindwa kidogo kidogo, kwa mabishano ya vizazi. Mwaka 1949 Rais Truman alipiga marufuku ndege kuruka juu yake chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu wavuvi wenye fedha walikuwa wameanza kutua maziwani kwa ndege. Mwaka 1964 ikaja sheria ya maeneo ya mwituni, na mwaka 1978 ikaja sheria nyingine iliyopunguza sana injini na kukomesha ukataji wa miti humo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopita bila watu kununiana, na mpaka leo huko Ely kuna familia ambazo ukiitaja 1978 mezani, chakula kinapoa.

## Nesi wa Knife Lake

Katika kusoma nikakutana na Dorothy Molter, na nilimpenda kabla sijamaliza ukurasa, kwa sababu alikuwa nesi.

Alifika Knife Lake, mojawapo ya maziwa ya Boundary Waters, kwa mara ya kwanza mwaka 1930, akiwa na miaka 23, akitokea Chicago. Akarudi kuishi, na akabaki kwenye visiwa vyake vitatu kwa zaidi ya nusu karne. Majeruhi waliletwa kwake kwa mtumbwi au kwa sleji za mbwa. Marufuku ya ndege ilipokatisha shehena za soda alizokuwa akiwauzia wageni, alianza kutengeneza soda yake mwenyewe kwa maji ya ziwa, akiipoza kwa barafu aliyoikata wakati wa baridi na kuihifadhi mpaka kiangazi. Wapiga kasia walimjia kwa maelfu kila mwaka.

Kisha serikali, ambayo ilikuwa ikinunua nyumba na hoteli zote zilizokuwa ndani ya eneo lile, ikamfikia na yeye. Ilitaka aondoke. Watu wakapiga kelele. Wakaandika barua, wakaandika magazetini, na serikali ikakubali abaki mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki Desemba 1986, akiwa huko huko kwake, na vibanda vyake vikabebwa juu ya barafu mpaka Ely, ambako leo ni jumba la makumbusho.

Niliposoma hayo nilifurahi. Kisha nikafunga kompyuta, nikatoka nje kwenye baridi bila koti.

Nilikuwa nimemkumbuka mama akiinama. Nilikuwa nimewakumbuka pia wafugaji wa Mkomazi, chini tu ya milima yetu, walioondolewa hifadhini mwaka 1988, ambao mjomba wangu aliwaona wakipita na mifugo michache iliyobaki. Nilijiuliza ni nani aliyewaandikia barua. Na kama nilikuwa naanza kuamini kwamba huku mambo ni tofauti, swali hilo lilinirudisha moja kwa moja kwa watu waliokuwa kwenye maziwa haya kabla ya Dorothy Molter, kabla ya Roosevelt, na kabla ya nchi hii kuwa na rais.

## Waliobakiza neno moja

Waojibwe walikuwa wakipita katika poteji zile zile nilizopita mimi. Mitumbwi yao waliitengeneza kwa gome la ule mti mweupe unaobanduka kama karatasi. Tarehe 30 Septemba 1854, huko La Pointe, viongozi wao walitia sahihi mkataba ulioikabidhi Marekani ardhi kubwa ya kaskazini mashariki mwa Minnesota, pamoja na sehemu kubwa ya hii ambayo baadaye ilikuja kuitwa Superior. Waliachiwa maeneo madogo ya kuishi. Sitaki kulipamba jambo hilo kwa maneno. Walinyang'anywa nchi, kama tulivyonyang'anywa sisi.

Lakini walibakiza kitu. Mkataba uliwaachia haki ya kuwinda na kuvua katika ardhi waliyoitoa. Haki hiyo ilipuuzwa kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wakakamatwa kwa kufanya yale waliyoahidiwa, mpaka wajukuu wa waliosaini walipoipeleka mahakamani na kuisimamisha upya. Leo jamii za Grand Portage, Bois Forte na Fond du Lac huwinda na kuvua katika eneo hilo kwa kanuni wanazojiwekea wenyewe, na wana wataalamu wao wa wanyama na wa maji.

Na wanavuna manoomin. Ni mpunga mwitu, unaoota wenyewe kwenye maziwa yenye maji kidogo, na mavuno yake ni kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Wawili huingia katika mtumbwi. Mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine ana vijiti viwili vyepesi. Kwa kijiti kimoja anayainamisha mashuke juu ya mtumbwi, kwa cha pili anayapangusa taratibu, na punje zilizoiva zinadondoka ndani. Zinazodondoka majini huachwa. Hizo ndizo mbegu za mwaka unaofuata. Nimepura mpunga wa shangazi kule Mombo, najua mlio wa punje zikianguka, na nilipoona hilo likifanywa kwenye ghuba moja, tukiwa njiani kurudi, nilimwomba mwenzangu tusimamishe kasia. Tulikaa mbali ili tusiwasumbue. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa anapangusa na kijana, labda mjukuu wake, anasukuma upondo. Hawakututazama. Hawakuwa na sababu ya kututazama.

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kuamini kwamba msitu una mwenye mmoja, ambaye ama ni serikali ama ni wananchi. Pale palikuwa na mpaka uliowekwa na wakoloni, na sheria ya serikali, na haki ya kale kuliko vyote viwili, juu ya maji yale yale, na yule bibi alikuwa ameinama bila kuangalia nyuma.

## Musi na mwanawe

Kuna jambo jingine ambalo lilinivunja wazo nililokuja nalo.

Nilikuwa nadhani adui wa msitu ni mtu. Ndivyo tulivyofundishwa: mtu anakata, mtu anachoma, mtu anawinda, mwondoe mtu, msitu utapona. Asubuhi ya mwisho, ukungu ukiwa bado juu ya maji, tulimkuta musi jike amesimama ndani ya ghuba, maji yamemfika tumboni. Ni jamii ya kulungu, mkubwa kuliko wote duniani, mwenye kimo cha farasi na pua ndefu iliyolegea. Alizamisha kichwa chote, masikio yakapotea, kisha akakiinua na mizizi ya yungiyungi mdomoni, maji yakimchuruzika shingoni kwa mlio tulioweza kuusikia. Mwanawe, mwenye rangi ya udongo mwekundu, alikuwa pwani akimngoja. Nilihesabu mara nane alipozama na kuibuka. Hatukupiga picha, mikono yetu ilikuwa imeshika makasia na hakuna aliyetaka kuyaachia.

Mwaka 2006 musi wa Minnesota walikadiriwa kuwa zaidi ya 8,000. Kufikia 2013 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu, na jimbo likasimamisha uwindaji wao. Na baadhi yao wanaishi katika msitu ambao mtu hawezi kujenga, hawezi kulima, hawezi hata kuingia na chupa ya kioo. Kinachowaua kinapita chini ya kila sheria. Majira ya baridi yamelegea, theluji si nzito kama zamani, na kulungu wa mkia mweupe wamepata nafasi ya kusogea kaskazini. Kulungu hao wana mnyoo anayeishi kwenye utando wa ubongo wao bila kuwadhuru. Viluwiluwi vyake hutoka na mavi, konokono hutambaa juu yake, musi hula jani lenye konokono, na kwake yeye mnyoo huyo huingia katika uti wa mgongo na ubongo. Mnyama mwenye nguvu zile huanza kuzunguka mahali pamoja, kichwa kimepinda, mpaka anaanguka. Kupe wa baridi nao, ambao zamani wengi wao walidondokea kwenye theluji ya Aprili wakafa, sasa hudondokea majanini wakazaa; musi mmoja anaweza kubeba makumi ya maelfu, na akajisugua mitini mpaka manyoya yakamtoka.

Nilipokuwa natazama yule jike nilifikiria gari lililotuleta, na magari yote ya barabara ile, na shughuli zangu za kila siku. Walinzi wote wa msitu huu wakisimama mguu kwa mguu kuuzunguka, hawawezi kuizuia hewa yenye joto isiingie. Mama yangu na panga lake fupi hakuwahi kuidhuru Magamba hata kwa sehemu ya elfu ya dhara hilo.

Na bado sisemi kibali kifutwe. Watu zaidi ya 100,000 huingia Boundary Waters kila mwaka, na nadhani sababu ya kutokuta takataka hata moja kambini ni kwamba wanahesabiwa mlangoni: kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4, na kila lango lina idadi yake ya makundi kwa siku. Lakini niliangalia pia maegesho ya magari siku ile. Kibali cha siku nzuri hunyakuliwa tangu Januari na wenye intaneti ya haraka na likizo ya kupanga. Mtumbwi hukodishwa kwa fedha. Mimi, miaka 11 katika jimbo hili, sikuwahi kujua kwamba jina langu linaweza kuandikwa kwenye karatasi ile. Nilialikwa. Wazee ninaowaosha kazini wana picha za maziwa hayo ukutani tangu utotoni mwao.

## Jumapili iliyopita

Nimemwomba mwenzangu anifundishe kuomba kibali mwenyewe, na Januari nitaomba, kwa jina langu, kwa ajili ya watu wanne. Binti yangu ana miaka 9. Ameniuliza kama ataruhusiwa kuokota kuni, nikamjibu kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake.

Jumapili iliyopita nilimpigia tena mama, na safari hii nikamsimulia ile jioni, pamoja na sehemu ambayo hata hapa nilikuwa sijaiandika.

Nilimwambia kwamba nilipoziangusha kuni, yule mwanamke wa sare hakuulizia kibali. Alikiulizia baadaye, akakikagua, akauliza kama chakula tumekitundika mbali na dubu, akaenda zake kwenye mtumbwi wake. Lakini kwanza aliniangalia usoni, na sijui aliona nini. Kisha akapiga goti kwenye majani, akaanza kuviokota vijiti, kimoja kimoja. Alikivunja kimoja karibu na sikio lake, kikalia kwa sauti kavu, akasema hiki ni kizuri. Akavipanga juu ya mikono yangu, vinene chini na vyembamba juu, mpaka vyote vikarudi.

Mama alikuwa kimya muda mrefu. Nilisikia watoto wa jirani wakifukuzana uani kwake.

"Aliinama mwenyewe?"

"Aliinama, mama."

"Na sare yake?"

"Na sare yake."

Akanyamaza tena. Kisha akaniuliza kama kuni zenyewe zilishika moto vizuri.